Kalori naziona, chumvi siioni: shajara ya kupungua, Mwanjelwa

2 Juni, Jumatatu

Naanza leo. Kilo 91.4, kiuno inchi 42, presha 148 kwa 94. Urefu sentimita 163, huo haubadiliki kwaiyo siuandiki tena.

Kazi yangu ni fundi cherehani, kibanda kipo Mwanjelwa hapa Mbeya, kutwa nzima nazungusha futi kwenye viuno vya watu na kuandika namba kwenye daftari la oda, afu cha kuchekesha kiuno changu mwenyewe nilikuwa sijakipima tangu sijui lini, nguo zangu nashona kwa kukadiria tu, ikibana nafumua pembeni naongeza. Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mkwe kliniki, yeye ndo mwenye presha, miaka sasa anameza vidonge. Nesi kamaliza kumpima akaniangalia akasema na wewe mama lete mkono. Nikautoa huku nacheka. Akapima, akanyamaza, akapima tena. Nikaambiwa nirudi siku nyingine nikiwa nimepumzika, nikarudi, ikawa ile ile. Daktari akasema dawa hatuanzi leo, nakupa miezi mitatu upunguze mwili na upunguze chumvi, ila kila wiki mbili njoo tupime, ikipanda hatusubiri.

Kwaiyo daftari la oda nimeligeuza, huku mbele viuno vya wateja, huku nyuma changu.

8 Juni

Wiki hii sijapunguza chochote, nimekula kama kawaida ila nimeandika kila kinachoingia mdomoni. Nimenunua mizani mbili, ya kupanda na kamizani ka jikoni ka betri. Zamani nilikuwa napima kwa wale vijana wa mizani za barabarani, mia mbili unapanda na viatu na koti na mkoba, June ya Mbeya hii koti peke yake ni kilo na nusu, hapo huwezi kujua umepungua wewe au limepungua koti. Sasa napima asubuhi, nimetoka chooni, sijanywa chai, na khanga moja.

Kwenye simu nimeweka epu ya kuhesabu kalori. Ni nzuri ila ugali wake sijui ni wa nani. Ukiandika ugali unaletewa namba tano tofauti, mwingine wa kalori 90 mwingine 150, na mi najua ugali wetu ni ule wa kukata, sio uji uliochelewa kuiva. Nikaona nihesabu mwenyewe. Unga wa dona gramu 600, kila gramu 100 ya unga mkavu ni kalori kama 360, kwaiyo sufuria zima ni 2,160, maji hayana kitu. Ulipoiva nikaupima wote ukaja gramu 1,500. Ukigawa unapata kalori 144 kwa kila gramu 100. Afu nikajipakulia kama ninavyojipakulia siku zote, bila kujionea huruma, nikaweka kwenye mizani: gramu 520. Yaani kalori 750 na mboga bado haijagusa sahani.

Mafuta ndo yaliniumiza zaidi. Lita moja nyumbani ilikuwa inaisha siku 5, na tupo wanne: mi, mzee wangu, mama mkwe na mdogo wangu anayetusaidia kupika, watoto wako bweni. Lita moja ya mafuta ya kula ni zaidi ya kalori 8,000. Gawa kwa siku 5, gawa kwa watu wanne, kila mtu anakunywa kalori 400 za mafuta kwa siku na hakuna aliyeyaona. Na parachichi! Mi nilijua ni tunda basi halihesabiwi, na huku kwetu parachichi la Rungwe unapewa kama nyongeza tu ya mboga. Lile kubwa la kienyeji ukitoa ganda na kokwa linabaki gramu 250, hapo ni kalori 400. Sijasema ni baya, linashibisha na lina potasiamu ambayo presha inaipenda, nasema tu nilikuwa nakula la pili.

Chai vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari vya kujaza. Sitaki kulizungumzia.

Wastani wa wiki: 2,480. Epu inasema kwa mwili wangu na kazi ya kukaa nikitaka kushuka polepole nisizidi 1,600.

14 Juni

Leo ni ya chumvi. Siku naanza nilimwambia mdogo wangu afungue pakiti mpya ya nusu kilo na aandike tarehe kwa kalamu ya maka. Imeisha leo. Siku 12.

Gramu 500 kwa siku 12 kwa watu wanne ni gramu 10 na kitu kwa mtu kwa siku, na mzee wangu ni dereva wa lori, siku kibao yuko njia ya Tunduma hata hali nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu 5, ambayo ni pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Hiyo ni chumvi yote ya siku, ya kwenye mboga, ya kwenye mkate, ya kwenye chips za mtaani, yote. Ukihesabu kwa sodiamu ni miligramu 2,000, sababu chumvi sehemu kama 40 kwa 100 ndo sodiamu. Sisi tulikuwa tunakula mara mbili yake kabla sijahesabu vingine.

Tatizo la chumvi ni kwamba kalori angalau naweza kuipima kwenye sahani yangu, chumvi imeshayeyuka kwenye sufuria la watu wanne. Kwaiyo nimefanya hivi: kila Jumapili napima gramu 100 za chumvi naweka kwenye kikopo cha blubendi, hiyo ndo ya wiki, ya wote wanne. Kwa hesabu tulistahili 140 ila hizo 40 nimeziacha kwa ajili ya mkate na vitu vya nje. Ikiisha Alhamisi tunakula bila mpaka Jumapili.

Mama mkwe kaangalia kikopo, kaniangalia mimi. "Mwanangu, wazee wetu walikuwa wanatembea kwa miguu mpaka Ivuna kule Rukwa kufuata chumvi, wewe leo unayo dukani unaificha?"

Nikamwambia shikamoo mama. Akacheka akaitikia marahaba.

Kitu kimoja nimekataa ni ile habari niliyoisikia sokoni kwamba ukitaka kupunguza chumvi nunua ile ya mawe ya kienyeji ni ya asili haina madhara. Sodiamu ni sodiamu, ya asili na ya kiwandani. Na chumvi ya pakiti inawekwa madini joto yanayozuia rovu, bibi yangu mzaa mama alikuwa na rovu shingoni kubwa kama embe, na hakuwa peke yake kijijini, nyanda hizi za juu rovu lilikuwa kitu cha kawaida. Nakula kidogo ila yenye madini joto.

22 Juni

89.6! Nimeonyesha kila mtu. Ugali gramu 250 badala ya 520, nafasi iliyobaki najaza chainizi na mnafu. Mafuta tunapima kwa kijiko cha chakula, kila kijiko ni kalori 120, lita sasa inafika siku 10. Chai nachemsha na mchaichai na tangawizi, sukari kijiko kimoja. Njaa ipo, saa kumi jioni ndo mbaya, jirani yangu wa kibandani anakaanga mihogo saa hizo na ile harufu inapita katikati ya vitambaa vyote inanifuata mimi tu.

Viazi vimeniokoa. Watu wanaviogopa viazi, ila viazi vya kuchemsha gramu 300 ni kalori kama 260 na unashiba kabisa, gramu 300 hizo hizo zikiwa za chips unakuwa karibu 900. Kiazi hakina kosa. Mbeya hii viazi tumezungukwa navyo, nachemsha na maganda, naminya ndimu na pilipili, chumvi sifikirii.

6 Julai

89.3. Wiki mbili gramu 300. Nimekula kama ndege kabisa.

Presha 144 kwa 92.

13 Julai

Sitaki kuandika ila nimejiahidi kuandika. Jana kulikuwa na send-off ya binti wa shoga yangu na baadae tukahamia kwenye kitimoto, watu watatu kilo moja na nusu, ndizi za kukaanga, kachumbari, ile chumvi wanayokuwekea pembeni kwenye kipande cha gazeti unachovya. Nilichovya. Soda mbili. Asubuhi nimepanda mizani: 91.4.

Namba ile ile niliyoanzia. Ile ile. Wiki sita. Nimekaa kitandani na khanga yangu, nikataka kuichukua mizani niitupe kwa dirisha, mzee wangu akasema usitupe, niuzie.

Baadae akili ikarudi nikachukua kalamu. Kutoka 89.3 mpaka 91.4 ni kilo 2.1. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwaiyo ili niongezeke kilo mbili za mafuta kwa usiku mmoja ilibidi nile kalori 16,000 juu ya zile mwili unazotumia. Hizo ni zaidi ya kilo tano za kitimoto peke yangu. Mi mlaji lakini jamani.

Kwaiyo ni maji. Chumvi ikiingia nyingi mwili unashikilia maji ili kuizimua, ndo maana usiku kiu ilikuwa inaniua na pete imenibana kidoleni. Na wanga ukizidi nao unawekwa akiba pamoja na maji, karibu gramu 3 za maji kwa kila gramu 1. Chumvi yenyewe haina kalori hata moja. Haininenepeshi. Ila inaweza kukaa mbele ya mizani ikaficha kila kitu nilichofanya kwa wiki sita.

Nimeongeza safu nyingine kwenye daftari. Kulikuwa na kalori na uzito, sasa kuna kalori, uzito, na tumekula nini chenye chumvi.

19 Julai

91.4, 90.5, 89.8, 89.2, 88.9. Siku tano. Yale maji yametoka yenyewe bila dawa wala kufunga. Nisingekuwa naandika kila siku ningekuwa nimeshaacha hii kazi Jumapili ile.

23 Julai, Jumatano

Kuna kitu hakiko sawa na Jumanne.

Nimerudi nyuma kwenye daftari mpaka Juni. Karibu kila Jumanne asubuhi uzito unapanda nusu kilo mpaka kilo, Jumatano unakaa huko huko juu, Ijumaa unashuka. Kila wiki. Na Jumatatu sili kitu kibaya, Jumatatu ndo siku yangu bora, maharage na ugali kidogo na mboga, kalori 1,480 wiki moja, 1,510 nyingine. Jumatatu mdogo wangu anapika sufuria kubwa la maharage ya siku mbili ili kuokoa mkaa.

Kwanza nikasema ni uzito wa maharage yenyewe yako tumboni. Sawa, ila viazi navyo si vinakaa tumboni, mbona havifanyi hivi?

28 Julai, Jumatatu

Nimefunga kibanda saa tisa nikaenda nyumbani kwa miguu, Ilomba sio mbali, nusu saa na kitu ukiacha kusalimiana. Nimekuta mdogo wangu anapepea jiko, mama mkwe kwenye kigoda anachambua maboga. Sufuria la maharage linachemka. Nikavua viatu nikakaa, sijasema kitu.

Mama akaingiza mkono kwenye fundo la khanga akatoa kifuko cha nailoni. Ndani kuna mawe, rangi ya udongo uliopauka, meupe meupe pembeni kama yamepigwa na baridi. Akachukua moja akaliweka juu ya kinu alichokigeuza, akaligonga na mchi mara mbili, akazoa vile vipande kwa kiganja akatumbukiza kwenye sufuria. Povu likapanda mpaka mdomoni, la njano, mdogo wangu akafunua mfuniko haraka akalipuliza.

"Mama, hayo magadi huwa mnaweka kila siku?"

"Ya maharage ndo kila siku. Na mlenda. Bila magadi, mwanangu, haya maharage utayala kesho, na gunia la mkaa utakuwa umelimaliza leo."

Mi magadi nimeyaona tangu nazaliwa. Mama yangu aliweka, bibi aliweka. Wala sikuyaona kama ni kitu, ni kama kuni tu, kitu cha kuivishia. Usiku nimekaa na simu nikasoma: magadi ni kabonati na baikabonati ya sodiamu. Sodiamu. Yakiwa safi, kila gramu 10 za mawe yale gramu 3 ni sodiamu. Epu yangu ya kalori haina hata neno magadi ndani yake, na hata ingekuwepo nisingeandika, sababu hakuna anayejua anakula magadi, anajua anakula maharage.

Nimepima kile kifuko na kingine kama kile ambacho hakijafunguliwa, na kuuliza, na kukadiria, tunatumia kama gramu 24 kwenye lile sufuria kubwa. Ni kama gramu 7 za sodiamu, miligramu 7,200. Watu wanne, siku mbili: 900 kwa kila mtu kwa kila siku. Karibu nusu ya kiwango chote cha siku, juu yake chumvi ya kikopo, juu yake ile pakiti ya kiungo cha mchuzi ambayo mdogo wangu kumbe alikuwa anaongeza kwa sababu chumvi nimembania! Nae nikimlaumu namuonea, chakula kilikuwa hakina ladha na kila mtu anamnung'unikia yeye. Vile viungo vya pakiti soma nyuma, kitu cha kwanza kilichoandikwa ni chumvi.

Wiki sita nalinda kikopo cha blubendi kama mlinzi wa benki, mlango wa nyuma uko wazi.

7 Agosti

Vita ya magadi haikuwa rahisi na nataka niandike ukweli, mama mkwe hakukosea. Mbeya tuko juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, sio 100 kama Dar. Maharage yanayoiva kwa saa moja pwani huku yanataka muda zaidi, na mkaa unajua wenyewe bei. Magadi yanalainisha ganda haraka. Bibi zetu walikuwa na sababu.

Kwaiyo huwezi kuondoa magadi ukaacha tatizo lake. Tumeanza kuloweka Jumapili usiku, asubuhi maji yanamwagwa, na nimenunua sufuria ya presha. Mzee wangu kasikia akasema kwaiyo presha tunaitibu kwa presha. Amerudia huo utani kwa kila mgeni aliyekuja wiki hii.

Siku ya kwanza ilipoanza kupiga mluzi mama mkwe alitoka nje akasimama mlangoni na mkongojo wake, akasema ikilipuka mtanikuta huku. Dakika 25 maharage yakawa yameiva, laini, nikamwita aonje. Akaonja. Akasema yameiva ila hayana ule utelezi. Ni kweli hayana. Nikaweka kitunguu saumu, karoti, hoho, nyanya nyingi, giligilani za kukatakata, na ndimu mwishoni kabisa jiko limezimwa, hiyo ndimu ndo inadanganya ulimi kwamba chumvi ipo. Alikula. Hakuongeza. Kwa mama mkwe hiyo ni hotuba nzima.

Uzito leo 87.4. Jumanne haikupanda.

10 Agosti

Nane Nane. Tumeenda viwanja vya John Mwakangale, nimetembea mpaka miguu ikaniuma, vumbi, mahindi ya kuchoma mawili bila ile chumvi na pilipili, miwa. 87.0.

Presha Ijumaa hii: 138 kwa 88.

17 Agosti

Kitu cha ajabu, nimenunua chips kwa yule kijana ninayenunua kwake siku zote, nimeweka mdomoni nikadhani amemwaga chupa nzima ya chumvi kwa bahati mbaya. Nikampa shoga yangu aonje. Akasema mbona kawaida. Ulimi ndo umebadilika. Nilisoma kwamba unachukua wiki kadhaa kuzoea, sikuamini, nilijua nitateseka mpaka kufa.

86.6.

24 Agosti

Sijaandika wala kupima kuanzia Jumanne. Tulikuwa na msiba Rungwe, kwa wajomba wa mzee wangu. Usiku mvua, tumelala chini kwenye majani na mablanketi, asubuhi unapewa ndizi na nyama kwenye sinia na wenzako sita. Hapo hakuna mizani ya jikoni. Bibi mmoja kanimegea nyama kwa mkono wake akaniwekea mbele yangu, mi nikasema ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, nikala. Kuna watu wanashauri ubebe chakula chako cha dayati popote unapoenda. Labda kwao. Kwetu mwanamke anayekataa sinia la msiba atajadiliwa miaka mitano.

Nimeandika tu "msiba, siku 4" nikapiga mstari. 88.1 niliporudi. Sikushtuka, nilishajua ni nini.

29 Agosti

86.3. Si nilisema.

7 Septemba

85.8. Mwendo umepungua na nimeelewa kwa nini, mwili mdogo unatumia kidogo, ile 1,600 inayonipunguza nikiwa na kilo 91 hainipunguzi vile vile nikiwa na 85. Nina njia mbili, kula pungufu zaidi au kutembea zaidi. Pungufu zaidi sitaki, nilijaribu 1,400 siku tatu nikamshonea mteja mikono miwili yote ya kushoto, nikafumua usiku. Kwaiyo natembea, Mwanjelwa mpaka Ilomba kila jioni, madereva wa bajaji wamechoka kuniuliza.

Presha 132 kwa 84. Miezi mitatu ya daktari imetimia. Ameangalia karatasi zote akasema tuendelee hivi hivi bila dawa, kupima nisiache. Nikamuuliza ni kilo au ni chumvi iliyoshusha, akasema vyote vinashusha, asingeweza kunitenganishia. Mama mkwe na yeye imeshuka kidogo, vidonge vyake anameza kama kawaida, tumeambiwa tusiguse bila yeye daktari. Alivyotoka kliniki alimwambia jirani kwamba ni ile sufuria.

20 Septemba

Kilo 84.9. Kiuno inchi 38 na nusu. Mdogo wangu ndo amenipima, mi mwenyewe najijua naweza kuvuta futi.

Leo sina oda ya haraka nikatoa lile gauni langu la kitenge la bluu, nililoshona mwaka mmoja nikaliongeza mara mbili. Nikaligeuza ndani nje nikafumua pembeni. Kitenge kina kumbukumbu, ukifumua matundu ya sindano yanabaki: mstari wa kwanza kabisa niliposhona, inchi moja nje yake mstari wa mara ya pili, nusu inchi nje tena mstari wa juzi juzi pembeni kabisa karibu na ukingo, hapo kitambaa kilikuwa kimeisha. Nimevaa, nikajibana kwa pini mbele ya kioo, nikapiga chaki. Chaki imeangukia katikati ya mstari wa kwanza na wa pili, karibu zaidi na wa pili.

Mteja alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri suruali yake akaniuliza fundi mbona hukati hicho kitambaa kinachobaki ndani, si kitakuvimbia. Nikamwambia nitapiga pasi kitalala. Nikashona kwenye chaki.

Jumatatu nalipeleka kuvaa kliniki. Kikopo cha wiki hii kina chumvi mpaka Jumapili na kitabaki.